“Imetulia” maana yake nini, na niishi vipi hadi kipimo kijacho?

“Habari za kazi daktari. Nina miaka 54, naishi Morogoro, nauza mchele. Sijawahi kuvuta sigara. Mwaka jana nilikohoa muda mrefu, nikaanzishiwa dawa za TB, miezi miwili ikapita bila nafuu. Mwishowe nikatolewa maji kifuani, wakachukua na kinyama, ikaonekana ni saratani ya pafu hatua ya nne. Nimechomwa kemo mizunguko minne Dar. CT scan ya mwisho daktari amesema ‘imetulia’, nirudi baada ya wiki sita kwa kipimo kingine. Hajanipa dozi nyingine. Mwanangu wa kwanza aliitwa pembeni, na tangu siku hiyo hanitazami usoni. Mpwa wangu amesoma kwenye simu kwamba watu wa hatua ya nne wanaishi miezi 8 hadi 12. Silali. Nikikohoa tu najiuliza kama imeanza tena. Watu wananiambia nisiwaze, eti mawazo ndiyo yanalisha kansa. Binti yangu ana send-off mwezi wa kumi na mbili, na sijui hata kama nikubali kupimwa sare. Niishi vipi bila kujua?”

Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu ndani ya swali moja mna maswali kama matano. Unauliza uishi vipi bila kujua. Nikiyatenganisha, naona mengine unayosema huyajui tayari yanajulikana, ila wewe hukuambiwa. Mengine yatajulikana baada ya wiki sita. Na yapo ambayo hakuna anayeyajua, si mimi, si daktari wako, wala huyo aliyeandika kwenye simu. Yote yamekukalia kifuani kama gunia moja, ndiyo maana hujui pa kulishikia.

Nianze na hilo neno “imetulia”. Wengi wakilisikia hujisemea moyoni kwamba dawa imeshindwa, mbona uvimbe bado upo. Sivyo. Anayesoma CT scan huchagua vivimbe vikubwa, akavipima kwenye kompyuta, akajumlisha vipimo vyake, kisha akalinganisha na picha ya nyuma. Kwa vigezo tunavyotumia, jumla ikishuka kwa asilimia 30 au zaidi tunasema saratani imepungua. Ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, au kikatokea kivimbe kipya, tunasema imekua. Chochote kilicho katikati kinaitwa imetulia. Chukua uvimbe wa sentimita 5. Ukishuka hadi 3.5, umepungua; ukifika 6, umekua. Ukiwa 4.2 au 5.3, jina lake ni lilelile. Kwa hiyo huenda huko kutulia kwako ni kupungua ambako hakukufika kiwango cha kuitwa kupungua. Namba imeandikwa kwenye ripoti yako. Iulize.

Saratani ya pafu ikifika hatua ya nne na kuachwa bila dawa huendelea kukua. Ikisimama ilipo, dawa imefanya kazi. Sisi madaktari tunalitamka neno hilo kwa furaha, na mgonjwa analipokea kama msiba, kwa sababu hatukukaa dakika tatu kulieleza. Kosa hilo ni letu.

Halafu umeandika “hajanipa dozi nyingine” ukapita haraka. Nadhani hapo ndipo panapouma: kwamba wamekukatia tamaa. Sikiliza, mama. Dawa za kundi la platinamu, yaani sisiplatini na kaboplatini, ambazo ndizo mgongo wa kemo ya pafu, kwa kawaida hutolewa mizunguko 4 hadi 6, na kila mzunguko ni siku 21 hivi. Ukizidisha hapo, faida inayoongezeka ni ndogo, ilhali figo, masikio, uboho na mishipa ya fahamu ya vidoleni vinazidi kuumia. Ganzi ya vidole, ile inayomfanya mtu ashindwe kufunga vifungo vya blauzi, mara nyingi hutoka huko. Basi baada ya minne, wapo wanaobakizwa kwenye dawa moja ya kuendeleza, na wapo wanaopumzishwa na kuangaliwa kwa karibu. Wewe uko kundi gani, na kwa nini? Hilo linajulikana na limeandikwa kwenye faili lako. Una haki ya kuambiwa.

Usitamani kupimwa kila wiki pia. Uvimbe hausogei kwa kasi ya kuonekana ndani ya siku saba, na wasomaji wawili wa picha moja wanaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Homa ya kifua ya kawaida inaweza kuweka kivuli ambacho kingetutia wote hofu bure.

Sasa ile miezi 8 hadi 12. Mpwa wako hakudanganya, ila alichosoma ni namba ya katikati. Wapange wagonjwa 100 kwenye foleni, kuanzia aliyeishi muda mfupi hadi aliyeishi mrefu kuliko wote. Namba inayoandikwa ni ya yule aliyesimama katikati ya foleni. Nusu nzima waliishi zaidi yake, na foleni hiyo upande wa walioishi zaidi ina mkia mrefu: wa miaka miwili, mitatu, wachache mitano na zaidi. Namba hiyo haisemi wewe umesimama wapi. Isitoshe, inakusanywa kwa watu waliotibiwa miaka iliyopita, wengine wazee wa miaka 80 wenye magonjwa mengine matatu, wengine waliokuja hawawezi hata kutembea. Sikwambii haya ili kukupamba. Hatua ya nne ni ugonjwa mzito, na kwa dawa tulizo nazo kwa kawaida tunaudhibiti, hatuuondoi kabisa. Lakini kudhibitiwa kwa muda gani, kwa mtu huyu aliyekaa mbele yangu, hakuna karatasi inayojua.

Hapo kuna jambo moja linaloweza kubadilisha hesabu, na sijaliona kwenye barua yako. Hujawahi kuvuta sigara. Kwa wagonjwa wa namna yako ambao saratani yao si ile ya seli ndogo, wapo ambao uvimbe unasukumwa na hitilafu moja ya jeni, mara nyingi ile inayoitwa EGFR, mara chache zaidi ALK. Akiwa nayo mtu, kuna vidonge vya kumeza kila siku nyumbani, kama gefitinibu, elotinibu au osimetinibu kwa EGFR, ambavyo kwake hufanya kazi vizuri kuliko kemo. Asiyekuwa nayo, vidonge hivyo si dawa yake, na kununua ni kutupa fedha. Uliza: “Kinyama changu kilipimwa EGFR? Kama hakikupimwa, bado kipo maabara? Kinaweza kupimwa, kwa shilingi ngapi?” Wala sitakuficha: katika nchi zetu kipimo na vidonge hivyo havipatikani kila mahali, na bei yake inaweza kuwa nzito. Jibu linaweza kuwa hapana. Lakini hapana ya kuambiwa na usiku wa kubahatisha ni vitu viwili tofauti.

Tuje kwa mwanao. Kwetu hii ni desturi: daktari anamwita kijana mkubwa kwenye korido, anamnong’oneza, kijana anarudi amebadilika rangi na kusema “daktari amesema utapona tu mama.” Nia ni njema. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa anaanza kusoma nyuso. Sahani ikiletwa na nyama nyingi kuliko kawaida, anahesabu. Simu ikipokelewa nje, anahesabu. Na mara nyingi anachokitunga kichwani ni kibaya kuliko kilichosemwa. Nimeshuhudia familia ambayo kijana alikuwa amebeba siri ya gharama za dawa, mama yake akadhani amebeba tarehe ya kifo.

Mwite ukiwa naye peke yenu, hata mkichambua mchele. Mwambie: “Mwanangu, mimi nimeambiwa ni hatua ya nne na kwamba imetulia. Wewe uliambiwa nini zaidi? Kisichosemwa kinanitesa kuliko kinachosemwa.” Kisha siku ya kliniki, kabla hujakaa, mwambie daktari: “Naomba kila kitu nizungumziwe mimi, mwanangu akiwepo.” Kama kuna usilotaka kusikia, kwa mfano habari ya muda, sema pia. Ni haki yako kujua, na kutotaka kujua vilevile ni haki yako. Mradi uamuzi uwe wako, si wa korido.

Kuhusu mawazo kulisha kansa, hili nataka ulitue leo. Uvimbe haukui kwa sababu mama wa watu amelia saa nane za usiku. Hakuna daktari anayeangalia CT scan akasema hapa ni kemo imeshindwa, pale ni mawazo. Anayekwambia usiwaze anakupenda, lakini amekuongezea kazi ya pili: sasa unaogopa ugonjwa, na unaogopa woga wenyewe. Madhara ya hofu yapo, ila njia yake ni nyingine. Huzuia usingizi, hukata hamu ya kula, na wapo wanaoikimbia kliniki kwa kuogopa majibu. Hayo tunaweza kuyatibu.

Mwili wako unafanya kile ulichoumbiwa. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta wa kubahatisha kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akitokea, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi, ndogo lakini inauma. Walipima jasho na mboni za macho. Hawakusumbuka zaidi pale walipojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Walisumbuka zaidi pale ilipokuwa nusu kwa nusu. Ubongo ukijua baya linakuja, hujipanga. Usipojua, hubaki mlangoni na panga usiku kucha. Wiki sita zako ni mlango huo.

Na kwa pafu kuna ugumu wa ziada ambao mgonjwa wa saratani ya titi, kwa mfano, mara nyingi hana. Hofu hukimbiza pumzi, na pumzi ikikimbia inaleta hofu. Mtu anaanza na kikohozi kimoja, dakika kumi baadaye amekaa kitandani anahema, anaamini ndiyo mwisho. Ikikukuta, kaa kitako, inama mbele kidogo, viwiko juu ya meza au mapajani. Vuta hewa puani taratibu, itoe kwa midomo uliyoibana kama unayepoza uji, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mtu akupepee usoni, au shika feni ndogo ya mkononi, upepo ukupige puani na mashavuni. Si ushirikina: mishipa ya fahamu ya uso ikipata ubaridi huupa ubongo taarifa kwamba hewa ipo, na ile hali ya kukosa pumzi hupungua. Ikiwa bado unahema hata umetulia kimawazo, hilo si la kuvumilia. Huenda maji yamerudi kifuani, na maji hutolewa. Mofini ya kunywa kwa kipimo kidogo nayo hutuliza pumzi. Usiiogope kwa jina lake.

Usingizi nao una siri ambayo wagonjwa hawaambiwi. Deksamethasoni, ile dawa inayotolewa siku za kemo kuzuia kutapika na mzio, humfanya mtu akodoe macho usiku, mwingine akawa mkali kwa watoto bila sababu. Kama kukosa usingizi kwako kulianza usiku wa kemo, si roho yako peke yake. Ukirudishwa kwenye kemo, uliza kama dozi ya jioni inaweza kuliwa mapema, isivuke mchana.

Kwa sasa jaribu hili. Chagua saa ya kuwaza, tuseme saa kumi na moja jioni, dakika 20, na daftari. Andika kila kinachokusumbua bila kukipamba. Kila swali lenye mtu wa kulijibu, liandikie jina lake pembeni: daktari, mwanangu, mtu wa bima. Yasiyo na mtu, yaache hapo kwenye daftari. Wazo likija saa nane usiku, liambie lina saa yake. Siku za kwanza utaona kama mchezo wa watoto. Baada ya wiki moja au mbili, wengi huona usiku umepungua makali.

Kikohozi nacho kiwekee kanuni, usikipigie ramli. Kikohozi ulichokizoea, kile cha alfajiri kinachoisha ukinywa chai, si habari mpya. Kilicho kipya, kinachoongezeka, au kilichodumu wiki mbili bila kupungua, kipigie simu kliniki kabla ya tarehe. Lakini haya hayasubiri hata kesho: kukohoa damu, pumzi kukatika ghafla au maumivu makali ya kifua, uso na shingo kuvimba, miguu kuishiwa nguvu pamoja na maumivu ya mgongo au kushindwa kuzuia haja, kichwa kinachouma kwa kutapika, degedege. Na kwa mtu aliyechomwa kemo wiki chache zilizopita, homa ya nyuzi 38 au zaidi. Nunua kipimajoto. Usimeze panadoli ukangoja kuche, nenda hospitali, na mlangoni useme “niko kwenye kemo.”

Sasa, kuhusu kusaidiwa zaidi. Ukiona wiki mbili zimepita huna raha na chochote, chakula hakipandi, au unawaza afadhali ufe, hiyo imevuka hofu ya kawaida. Ni sonona au wasiwasi unaohitaji tiba, na unahitaji kuonana na mtu uso kwa uso, si kusoma jibu la kwenye skrini. La kuwaza kufa likikujia, mwambie mwanao siku hiyohiyo na mwende hospitali. Ushauri nasaha na mtu aliyefunzwa ndio ningeuanza. Dawa za sonona zipo na zinasaidia, ila huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, kwa hiyo usizikatie tamaa siku ya tano. Diazepamu ya duka la dawa, ile ya “lala tu mama”, itakupa usiku mmoja kisha ikudai: hulevya, huangusha watu wakienda chooni, na kwa mwenye pafu bovu inaweza kupunguza pumzi. Asikupe mtu bila daktari wako kujua. Mitishamba nayo usiifiche. Baadhi hugusa ini ambalo lina kazi ya kusafisha dawa zako.

Lakini ningekuwa na jambo moja tu la kukuombea, ningeomba upelekwe tiba shufaa mapema, yaani tiba ya kupunguza mateso ya ugonjwa. Najua jina lake linavyopokelewa. Watu wanadhani ni chumba cha kuagia. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya pafu iliyosambaa. Nusu walipata matibabu ya kawaida, nusu wakapata hayohayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Waliokuwa na tiba shufaa walikuwa na hali bora ya maisha na sonona kidogo, na namba yao ya katikati ilikuwa miezi 11.6, wenzao 8.9. Hawa ndio watu wanaotibu maumivu, pumzi, usingizi, na wanaojua kukaa na familia nzima mezani. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, wapo. Huko mkoani uliza hospitali ya rufaa.

Kuna mama mmoja niliyemtibu ambaye wiki ile ile ya majibu aligawa masufuria yake yote kwa dada zake. Alitaka kuondoka akiwa amemaliza. Miezi kumi na minne baadaye mwanawe akaleta wageni wa posa, na yeye akazunguka nyumba hadi nyumba kudai sufuria lake la kilo kumi. Dada mmoja alikataa kurudisha. Hawakusemezana hadi Pasaka. Alinisimulia akicheka hadi akakohoa. Hatujui, mama, ila kutojua kunaenda pande zote mbili. Mambo ya fedha na ya watoto yaweke sawa, andika, kila mtu mzima afanye hivyo. Ila masufuria yabaki jikoni.

Kabla ya haya yote, ulipoahidi kitu ulikuwa unaongeza “tukijaaliwa”. Ulikuwa unalisema kwa mazoea, sasa lina uzito. Bado linatosha kuahidi nalo. Panga kwa urefu unaouona: hadi kipimo kijacho, halafu hadi kinachofuata. Nunua mpunga wa msimu huu, usichukue mkopo wa miaka mitatu kwenye kikoba.

Na sare kapimwe. Mwambie fundi aache nguo ya kutosha ndani ya mishono ya ubavuni, sentimita tatu kila upande, kwa sababu dawa hizi huwapunguza wengine na kuwanenepesha wengine, na hatujui wewe utaangukia wapi. Ukirudi kliniki na hilo daftari, anza na swali la EGFR.